Sukari za Mimea na Seli Shina Dhidi ya Makovu ya Ini: Muungano Huu Hufanya Nini Hasa?

Ini lina uwezo wa kujijenga upya ambao viungo vingine vikubwa vya mwili havina. Mtu mzima mwenye afya anaweza kumpa ndugu yake zaidi ya nusu ya ini lake, na ndani ya miezi michache sehemu iliyobaki ikakua hadi kukaribia ukubwa wa awali. Uwezo huo una sharti moja, nalo ni kwamba madhara yakome. Ini linaloumizwa kila siku kwa miaka, ama na virusi vya homa ya ini aina ya B au C, ama na pombe, ama na mafuta yanayojaa ndani ya seli zake kwa watu wenye unene na kisukari, huanza kujiziba badala ya kujijenga, na linachojizibia ni makovu. Hali hiyo huitwa fibrosisi. Makovu yakikithiri hadi kuligeuza ini kuwa vinundu vigumu vilivyozungushiwa kuta za nyuzi, ugonjwa huwa umefika kwenye sirosisi.

Kwa miaka kadhaa sasa, maabara nyingi, hasa za China, zimekuwa zikijaribu kuyapunguza makovu hayo kwa kuunganisha tiba mbili ambazo kila moja ilikwisha kujaribiwa peke yake: seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zinazotolewa kwenye uboho, mafuta ya mwili au kitovu cha mtoto mchanga, na polisakaridi, yaani sukari zenye molekuli ndefu zinazotolewa kwenye mimea. Habari za majaribio hayo huwafikia wagonjwa zikiwa zimekatwa mkia na kichwa. Mmoja husikia kwamba mmea fulani wa Kichina husafisha ini, mwingine husikia kwamba sindano ya seli shina huota ini jipya. Kwa maoni yangu, utata mkubwa umo ndani ya neno lenyewe “kuunganisha”, kwa sababu linabeba kazi tatu zisizofanana, na ushahidi wa kazi moja hauwezi kuazimwa kuthibitisha nyingine. Ili kuzitenganisha, inabidi kwanza kujua kovu la ini hujengwa na nani.

Kovu na wajenzi wake

Kati ya seli za kazi za ini na mishipa midogo ya damu inayopita katikati yake kuna nafasi nyembamba sana. Humo hukaa seli zenye umbo la nyota, ambazo Mjerumani Karl von Kupffer aliziona mwaka 1876. Ini likiwa na afya, seli hizi huwa zimetulia, na kazi yao kubwa ni kutunza akiba ya vitamini A. Sehemu kubwa ya vitamini A yote iliyomo mwilini imehifadhiwa ndani yake. Seli za ini zinapoumia na kufa, huachia kemikali zinazowaamsha walinzi wa mfumo wa kinga, hasa makrofaji wa ini waliopewa jina la Kupffer huyo huyo. Walinzi hao nao hutoa ishara, mojawapo ikiwa protini iitwayo TGF-beta, na ishara hiyo inapozifikia seli za nyota, hubadilika tabia kabisa. Hupoteza vitamini A, huongezeka idadi, hupata uwezo wa kujikunja kama misuli, na huanza kutengeneza kwa wingi kolajeni, protini ya nyuzi ambayo ndiyo kovu lenyewe, hasa ya aina ya I na ya III.

Mwili una vimeng’enya vinavyoweza kuikata kolajeni hiyo na kuiondoa. Tatizo ni kwamba seli ya nyota iliyoamka hutoa pia protini inayovizuia vimeng’enya hivyo, sawa na fundi anayepiga lipu huku amewafungia mlango wale wanaokuja kubandua lipu ya zamani. Kwa hiyo kovu hukua kutoka pande mbili: linajengwa haraka na linabomolewa polepole. Mishipa midogo, ambayo kuta zake kwa kawaida zina matundu madogo ya kupitishia virutubisho, huziba matundu hayo. Damu itokayo kwenye utumbo, ambayo ndiyo robo tatu ya damu yote inayoingia katika ini, hukosa njia, shinikizo hupanda nyuma yake, wengu huvimba, maji hujaa tumboni, na mishipa ya umio hututumka hadi kuweza kupasuka.

Madaktari hupima kiwango cha kovu kwa hatua kuanzia F0, ambapo hakuna kovu, hadi F4, ambayo ni sirosisi. Zamani kipimo kilikuwa kunyofoa kipande cha ini kwa sindano. Siku hizi mashine inayopima ugumu wa ini kwa mawimbi kutoka nje ya ngozi hutosha kwa wagonjwa wengi.

Kwa miongo mingi iliaminika kwamba kovu la ini halirudi nyuma. Imani hiyo ilivunjwa na wagonjwa wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu 348 wenye homa ya ini B ya kudumu walinyofolewa vipande vya ini kabla ya kuanza dawa ya tenofovir na tena baada ya miaka 5 ya kuitumia. Asilimia 51 kati yao walikuwa wamepungukiwa na kovu. Kati ya 96 walioanza wakiwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena. Hakuna kilichofanywa juu ya kovu lenyewe katika utafiti huo. Virusi vilizuiwa, seli za nyota zikafa au zikarudi kwenye utulivu, na makrofaji walewale waliochochea moto wakageuka kuwa wasafishaji. Matokeo haya nayaweka mbele kwa makusudi, kwa kuwa tiba yoyote mpya ya kovu lazima ipimwe kwa kulinganishwa na yale ambayo ini hufanya lenyewe baada ya chanzo kuondolewa.

Wanaobaki ni wengi, hata hivyo. Wapo ambao chanzo chao hakiondoki kwa urahisi, wapo waliogunduliwa wamechelewa, na wapo ambao kovu lao hupungua kwa mwendo usiotosha kuwaokoa. Dawa zilizotengenezwa kulenga kovu moja kwa moja, zikiwemo simtuzumabu na selonsertibu, ziliangushwa na majaribio kwa wagonjwa. Resmetiromu iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 2024, na semaglutidi ikafuata mwezi Agosti 2025, lakini zote mbili ni kwa ajili ya ini lenye mafuta lililofika kwenye kovu la kati au kubwa bila kuingia kwenye sirosisi. Aliyefika mwisho wa njia hubakiwa na upandikizaji wa ini, na maini ya kupandikiza ni machache kila mahali duniani. Pengo hilo ndilo lililowaelekeza watafiti kwenye seli shina.

Seli shina: matumaini ya kwanza na ya pili

Seli zinazozungumziwa hapa si zile za kiinitete. Ni seli shina za mesenkima, ambazo utafiti wake ulianzia kwa Alexander Friedenstein katika Umoja wa Kisovieti alipozitenga kutoka kwenye uboho, na jina lake likaenezwa na Mmarekani Arnold Caplan mwaka 1991. Mwaka 2006 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa tiba za seli iliweka vigezo vya kuzitambua: zishike kwenye plastiki zinapooteshwa, ziwe na alama fulani za protini juu yake na zikose nyingine, na ziweze kugeuka kuwa mfupa, mafuta au gegedu.

Matumaini ya kwanza yalikuwa kwamba seli hizo zikiingizwa mwilini zingefika kwenye ini, zigeuke kuwa seli za ini, na kuziba nafasi za zilizokufa. Hayo hayakutokea kwa kiasi cha maana. Seli nyingi zinazodungwa kwenye mshipa wa mkononi hukwama kwanza kwenye mapafu, kwa kuwa ni kubwa kuliko vishipa vya huko, na nyingi hutoweka ndani ya siku chache. Ajabu ni kwamba pamoja na kutoweka huko, katika majaribio mengi ini lilionyesha nafuu. Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba seli hizi hufanya kazi kwa yale zinayoyatoa: protini zinazohimiza seli za ini kugawanyika, kemikali zinazotuliza kinga, na vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu vinavyobeba ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Ujumbe huo huwabadili makrofaji kutoka hali ya kupigana kwenda hali ya kusafisha na kukarabati. Caplan mwenyewe, mwaka 2017, aliomba jina alilolieneza libadilishwe, akipendekeza ziitwe seli za tiba zinazotoa ishara, ili watu waache kutarajia kwamba zinaota kiungo kipya.

Ushahidi kwa binadamu upo na hauko upande mmoja. Korea Kusini, mwaka 2016, ilichapisha jaribio la wagonjwa 72 wenye sirosisi iliyotokana na pombe. Waliopewa seli za uboho wao wenyewe mara moja walionekana na upungufu wa kolajeni kwenye ini wa asilimia 25, na waliopewa mara mbili asilimia 37. China, mwaka 2021, wagonjwa 219 wenye sirosisi ya homa ya ini B iliyokwisha kulemea walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na waliopewa seli za kitovu pamoja na matibabu ya kawaida walinusurika kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Kwa upande mwingine, Uingereza mwaka 2018 ilitoa matokeo ya wagonjwa 81 waliopewa dawa ya kuchochea uboho, baadhi yao pamoja na seli shina za damu, na hali ya ini haikuwa bora kuliko ya waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Zile zilikuwa seli za ukoo mwingine, na tofauti hiyo ina uzito: “seli shina” ni jina la familia kubwa, na matokeo ya mmoja wa familia si mali ya wote.

Udhaifu wa seli za mesenkima unajulikana vizuri. Huishi muda mfupi. Huzeeka zinapooteshwa kwa vizazi vingi maabara, na tiba moja huhitaji mamilioni yake. Zinapofika kwenye ini lenye ugonjwa, hukutana na kemikali kali na upungufu wa oksijeni vinavyoziua. Seli za mtoaji mmoja hazifanani kwa nguvu na za mwingine. Tena kuna hofu iliyotokana na majaribio ya panya kwamba baadhi yake, zikikaa katikati ya ishara za kovu, huweza kugeuka kuwa wajenzi wa kovu hilohilo. Sukari za mimea zililetwa ili kuziba udhaifu huu.

Polisakaridi ni nini, na kwa nini mbili za jina moja hazifanani

Polisakaridi ni mnyororo wa sukari ndogo zilizoshikana. Wanga wa muhogo ni polisakaridi, selulosi ya pamba ni polisakaridi, ute wa bamia na pektini ya ubuyu zimo katika kundi hilo, na hata gundi ya mgunga inayouzwa kutoka Sudan. Tofauti kati yao hutokana na sukari zipi zimetumika, zimeshikana kwa pembe ipi, mnyororo una matawi mangapi, na uzito wa molekuli ni kiasi gani, ambao kwa daltoni, kizio cha kupimia uzito wa molekuli, huweza kuanzia elfu kadhaa hadi kupita milioni moja.

Kwenye utafiti wa ini, zinazotajwa mara nyingi ni za mzizi wa astragalasi, ambao Wachina huuita huangqi, za tunda la goji, na za mzizi wa anjelika ya Kichina. Uyoga wa ganoderma nao huwekwa katika kapu hilo ingawa uyoga si mmea. Namna ya kuzipata ni ndefu: mmea huchemshwa kwa maji, maji yakakolezwa, pombe kali ikamiminwa ili sukari ndefu zigande na kuzama, protini zikaondolewa, kisha kilichobaki kikachujwa kupitia safu zinazotenganisha molekuli kwa ukubwa na chaji. Msimu wa kuvuna, joto la maji na kiasi cha pombe hubadilisha kinachopatikana. Maabara mbili zinaweza kuandika “polisakaridi ya astragalasi” na kumaanisha mchanganyiko tofauti, na hili ni mojawapo ya sababu zinazofanya matokeo ya mtu mmoja yashindwe kurudiwa na mwenzake.

Swali linalopaswa kuulizwa mapema ni hili: sukari hizi zikinywewa, hufika kwenye ini? Nyingi hazifiki zikiwa nzima. Utumbo wa binadamu hauna vimeng’enya vya kuzikata, na molekuli kubwa kiasi hicho hupenya kwa shida. Zinachokifanya ni kuwalisha bakteria wa utumbo mpana, ambao huzigeuza kuwa asidi fupi za mafuta kama butirati. Asidi hizo huimarisha ukuta wa utumbo. Hapo ndipo uhusiano na ini unapoonekana, kwa sababu kwa mtu mwenye sirosisi ukuta huo huvuja, na vipande vya maganda ya bakteria huingia kwenye mshipa unaotoka utumboni na kwenda moja kwa moja kwenye ini. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwa panya kwamba seli za nyota zina kipokezi kinachovitambua vipande hivyo, na kwamba kikiguswa, seli hizo huwa nyepesi zaidi kuitikia TGF-beta. Kuuziba utumbo unaovuja ni njia ya kueleweka ya kupunguza kovu bila sukari yenyewe kuligusa ini.

Kazi tatu chini ya jina moja

Kazi ya kwanza hufanyika nje ya mwili. Seli shina huoteshwa kwenye majimaji yaliyotiwa polisakaridi kwa saa au siku kadhaa kabla ya kudungwa. Majaribio ya maabara yameonyesha, kwa mfano, kwamba polisakaridi ya astragalasi hupunguza kuzeeka kwa seli za mesenkima kunakosababishwa na wingi wa chuma. Kusudi ni kupata seli imara zaidi, zenye uwezo wa kustahimili mazingira makali ya ini. Mgonjwa katika mpango huu anaweza asipokee sukari hata kidogo. Sukari ni sehemu ya utayarishaji wa seli. Kwa hiyo matokeo mazuri ya aina hii hayamwambii mtu chochote kuhusu kunywa supu ya huangqi nyumbani.

Kazi ya pili ni ya ndani ya mwili. Mnyama hupewa seli kwa sindano na sukari kwa mdomo au kwa sindano, kwa matarajio kwamba sukari itatuliza hali ya kuwaka na kuvimba, ipunguze kemikali zinazounguza seli, na irekebishe bakteria wa utumbo, huku seli zikiendelea kutoa ishara za ukarabati. Hii ndiyo maana ambayo watu wengi huifikiria wanaposikia tiba mbili zimeunganishwa. Ndiyo pia yenye maswali mengi zaidi, kwani kiasi cha sukari wanachopewa panya kwa kila kilo ya uzito mara nyingi ni kikubwa, na njia ya kuipeleka hubadilisha kabisa inachofanya. Sukari iliyopita mdomoni hufanya kazi kupitia bakteria. Sukari iliyodungwa hukutana na seli za kinga ana kwa ana.

Kazi ya tatu ni ya ubebaji, na binafsi naiona kuwa yenye msingi ulio wazi zaidi kati ya zote. Seli za ini zina kipokezi, kilichogunduliwa na Gilbert Ashwell na Anatol Morell, kinachonasa molekuli zenye galaktosi kwenye ncha zake. Arabinogalaktani za mimea zina ncha za aina hiyo, kwa hiyo zinaweza kutumika kuelekeza dawa au vifuko vya seli shina kwenye ini. Njia nyingine ya ubebaji ni jeli. Alginati, inayotolewa kwenye mwani wa kahawia, huganda ikikutana na kalisi, na seli zikifungwa ndani ya tone lake, oksijeni na chakula hupenya kuingia, ishara hupenya kutoka, lakini seli za kinga za mgonjwa haziwezi kuzifikia. Mbinu hiyo ilianza kuthibitishwa mwaka 1980 kwa seli za kongosho. Mwaka 2020 madaktari wa London walieleza jinsi walivyowawekea watoto 8 wenye ini lililofeli ghafla matone ya alginati yenye seli za ini, wakiyaweka ndani ya tumbo nje ya ini lenyewe. Zile hazikuwa seli shina, ugonjwa haukuwa fibrosisi, na hakukuwa na kundi la ulinganisho. Hata hivyo, zinaonyesha kwamba kifurushi cha sukari na seli kinaweza kufika hadi kwa mgonjwa. Na kwa kuwa seli za mesenkima hufanya kazi kwa ishara, kuziweka salama tumboni kwa wiki kadhaa huenda kukafaa kuliko kuziachia mshipani zikwame kwenye mapafu.

Panya wamethibitisha nini

Ushahidi wa muungano wenyewe unakaa kwa wanyama. Mara nyingi panya hudungwa kaboni tetrakloridi, sumu inayoua seli za ini, mara mbili au tatu kwa wiki kwa muda wa mwezi mmoja hadi mitatu, kisha hutibiwa. Ripoti za aina hii kwa kawaida hueleza kwamba waliopewa vyote viwili walikuwa na kolajeni ndogo zaidi, vimeng’enya vya ini vilivyoshuka zaidi na seli za nyota zilizotulia zaidi kuliko waliopewa kimoja. Sina sababu ya kuzidharau, lakini zina mipaka ambayo msomaji makini lazima aijue.

Kovu la kaboni tetrakloridi huanza kufifia lenyewe sumu inapositishwa. Mtafiti akianza kutibu siku aliyoacha kutoa sumu, sehemu ya nafuu anayoipima ni ya ini lenyewe. Binadamu, kwa upande wake, hubeba kovu la miaka ishirini au thelathini, ambalo nyuzi zake zimeshonana na vimeng’enya vya mwili huzikata kwa shida.

Kisha kuna suala la hesabu. Ili kudai kwamba tiba mbili zinashirikiana, yanahitajika makundi manne: wasiopewa kitu, waliopewa sukari tu, waliopewa seli tu, na waliopewa vyote. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba sukari peke yake hupunguza kovu kwa asilimia 20 na seli peke yake kwa asilimia 30. Kama kila moja inafanya kazi yake bila kujali nyingine, kovu la 100 litashuka hadi 80, na ile 80 itashuka hadi 56, yaani punguzo la 44. Mtafiti akipata punguzo la 45 na kuliita ushirikiano wa ajabu, amepata jumla ya kawaida ya mambo mawili. Makala zinazoruka kundi la sukari peke yake hazimpi msomaji nafasi ya kuifanya hesabu hii.

Mpaka mwingine ni usafi. Ganda la nje la bakteria wengi lina sukari ndefu iliyoshikana na mafuta, na mabaki yake hushikamana kwa urahisi na polisakaridi za mimea wakati wa kuzitayarisha. Kiasi kidogo tu huamsha makrofaji. Kwa sababu hiyo, baadhi ya ripoti za zamani kwamba sukari ya mmea fulani “huamsha kinga” huenda zilikuwa zikipima uchafu wa bakteria, na leo jaribio lisiloonyesha kwamba uchafu huo ulipimwa na kuondolewa haliwezi kuaminiwa kikamilifu.

Wala asili ya mmea si dhamana ya utulivu. Mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar na kuuzwa nje kwa ajili ya viwanda vya chakula hutoa karajini, ambayo nayo ni polisakaridi. Tangu miaka ya 1960, karajini ikidungwa kwenye nyayo ya panya imekuwa njia ya kawaida maabara ya kusababisha uvimbe, ili dawa za kutuliza uvimbe zijaribiwe juu yake. Kundi lilelile la molekuli linalosifiwa kwa kutuliza lina wanachama wanaowasha, na njia ya kuiingiza mwilini ndiyo inayoamua mengi.

Mgonjwa wa leo

Yapo matangazo yanayouza sindano za seli shina kwa maradhi yote, na yapo makopo ya mimea yanayoahidi kusafisha ini. Mwezi Desemba 2018 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti wagonjwa 12 katika majimbo matatu waliopata maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu, bidhaa ambazo hazikuwa na idhini kwa matumizi hayo. Kwa upande wa mimea, he shou wu ya Kichina imerekodiwa mara nyingi kuumiza ini, na chai ya goji imeripotiwa kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kupunguza kuganda kwa damu, hadi damu kushindwa kuganda. Mmea uliochemshwa hubeba mamia ya kemikali pamoja na polisakaridi, ilhali panya wa maabara alipewa kimoja tu kati ya hivyo. Mwenye sirosisi, ambaye ini lake limepungukiwa na uwezo wa kuondoa kemikali hizo, yuko katika hatari kubwa zaidi.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo moja zaidi, na linahusu kando ya Ziwa Victoria hasa. Kovu la ini la huko mara nyingi huletwa na kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo husukumwa na damu hadi kwenye matawi madogo ya mshipa utokao utumboni, hukwama, na mwili huyazungushia kovu moja moja. William Symmers alilieleza kovu hilo kutoka Misri mwaka 1904: limeizunguka mishipa kama mirija, huku seli za ini katikati zikiwa zimesalimika kwa kiasi kikubwa. Mgonjwa anaweza kutapika damu nyingi kutokana na mishipa ya umio iliyopasuka, ilhali vipimo vya kazi ya ini viko karibu na kawaida. Panya wa kaboni tetrakloridi hamwakilishi mgonjwa huyu. Seli zake za ini hazifi kwa sumu, kwa hiyo ishara za kuziotesha seli mpya hazina mengi ya kumsaidia. Anachohitaji ni kulainishwa kwa kovu lililoikaba mishipa. Watafiti wa Misri wamekwisha kujaribu seli shina pamoja na prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo ya kichocho, kwa panya walioambukizwa ugonjwa huo, na nadhani huko ndiko jaribio la sukari za mimea linalotuhusu linapaswa kuanzia: mnyama mwenye mayai, prazikwanteli kwanza, kisha makundi manne, na kipimo kikuu kikiwa shinikizo ndani ya mshipa wa utumbo. Wakati hayo yanasubiriwa, mgonjwa wa Mwanza au Ukerewe mwenye kovu hilo anatibiwa kwa prazikwanteli, kwa propranololi ya kushusha shinikizo, na kwa endoskopi ya kufunga mishipa ya umio kabla haijapasuka.